Tanzia Niliyoisahihisha

Jumamosi, 11 Januari

Kwa miaka thelathini na minne niliwaadhibu wanafunzi walioacha kurasa wazi katika madaftari yao, na mimi mwenyewe nimeliacha hili wazi tangu Novemba ya mwaka juzi. Sina udhuru. Niliugua goti, nikapona, kisha nikazoea kutoandika. Namwomba radhi yeyote atakayelisoma nikiwa sipo na kukuta pengo la miezi kumi na minne.

Kilichonirudisha ni mgeni. Alvin Wafula, mtoto wa dada yangu Jedidah, amefika hapa kutoka Australia. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alitoka kwetu Kenya kwenda Perth akiwa kijana wa miaka kumi na tisa kusomea uhasibu, akaacha masomo, akawa mwigizaji wa filamu na televisheni, akachukua uraia wa huko. Ameletwa kuigiza katika tamthilia inayohusu nyumba ya kutunzia wazee, na kazi itaendelea hadi Machi. Wamemweka hotelini Bloomington. Jumapili atakula nasi Richfield, nyumbani kwa binti yangu Lynette, ambaye ni muuguzi na ndiye ninayeishi naye.

"Angalau sasa uko na mtu wa kuongea na yeye, Dad," Lynette aliniambia.

"Wa kuzungumza naye," nikamwambia.

Jumapili, 12 Januari

Alvin amekuja. Ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na hawezi kukaa kitini bila kuinuka kuchungulia dirishani. Kiswahili chake ni kile alichoondoka nacho, kama shati lililokunjwa sandukuni: mikunjo ipo palepale. Bado anasema "poa" na "noma" kama kijana wa mwaka ule.

Nilimuuliza amefanya nini kwa miaka ishirini na minne.

"Nimekufa mara kumi na moja, Mjomba."

Lynette alicheka hadi akaweka kijiko chini. Mimi sikucheka. Kazi ya mtu mzima kujifanya asichokuwa sijawahi kuielewa.

Jumatano, 15 Januari

Theluji. Sikutoka.

Jumapili, 19 Januari

Lynette alinitafutia kazi za Alvin tukazitazama mchana kutwa, Alvin mwenyewe akiwa jikoni akijifanya anaosha vyombo. Kwanza tangazo la magodoro, ambamo analala na kuamka akitabasamu. Kisha maiti katika tamthilia ya polisi, sekunde arobaini, haonekani usoni. Kisha miaka sita ya kusukuma vitanda katika tamthilia ya hospitali. Humo ni mbaya. Mwenzake anapozungumza, yeye anangoja tu zamu yake, na macho yanamsaliti.

Mwisho ikaja filamu ya wakata manyoya ya kondoo, iliyompa tuzo huko kwao. Anazungumza mara chache sana. Kuna mahali anakaa kwenye ngazi ya banda akisubiri gari ambalo haliji, na kwa muda huo nilisahau kwamba ninamjua. Sikumwambia.

Nilimuuliza kama mama yake ameiona.

"Mama anadhani nasoma habari," alisema. "Nilimwambia niko kwenye televisheni. Akafurahi sana. Nikaacha hivyo."

"Umemwacha katika uongo miaka ishirini."

"Umemwona akifurahi, Mjomba? Ungeacha hata wewe."

Jumanne, 21 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Gari la Lynette halikuwaka.

Jumanne, 28 Januari

Leo nimekwenda kazini kwa Alvin. Maneno ya Kiswahili katika mchezo wao yametafsiriwa na mashine, akawaambia ana mjomba mwalimu, wakatuma gari. Wanapigia picha New Hope, katika nyumba ya wazee iliyofungwa. Alvin ni Mkenya anayewaogesha wazee, ambaye gari lake linakwama katika tufani ya theluji, anatembea kwa miguu, anakufa. Wenzake wanamfanyia ibada ya ukumbusho.

Mama mmoja anayeandaa vifaa alinionyesha karatasi ya ibada hiyo, ile ya kugawiwa waombolezaji. Ilikuwa aibu. Marehemu alikuwa na jina lisilo la kabila lolote. Tanzia yenyewe ilikuwa na makosa kumi na tisa katika mistari kumi na miwili, na wafiwa wametajwa ovyo, shangazi kabla ya mama. Nikaomba kalamu. Siku zote niliwaambia wanafunzi waandike wanachokijua, nami nikaandika ninachokijua: Wafula, mwana wa Jedidah, wa ukoo wetu, mzaliwa wa kwetu, ametangulia mbele ya haki. Niliwapanga wafiwa kwa utaratibu wao, mmoja baada ya mwingine. Walipotaka picha ya ujana, Lynette aliwatumia kwa simu ile ya Alvin akiwa na miaka kumi na minane, iliyotundikwa ukutani kwake.

Ilipotoka kwenye mashine niliishika mkononi muda mrefu. Haikuwa na kosa hata moja.

Jumapili, 2 Februari

Alvin amekula mara mbili ya kawaida. Amelala kwenye kochi hadi jioni. Nilimfunika.

Ijumaa, 7 Februari

Leo wamepiga picha ya ibada. Wakenya hamsini kutoka makanisa mbalimbali wamekodiwa wakae na kulia. Lynette amesikia kutoka kwa Alvin kwamba wamelia vizuri mno.

Jumamosi, 8 Februari

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa changu hakina utaratibu.

Saa mbili na nusu asubuhi Lynette alikuwa bado hajarudi kutoka zamu. Mlango uligongwa. Alikuwa Kerubo, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, pamoja na wenzake wawili, chupa mbili za chai na sufuria iliyofungwa kwa leso. Walivua mabuti mlangoni. Kerubo akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Mwalimu. Mungu amefanya mapenzi yake."

"Pole ya nini?"

"Ya Alvin."

"Alvin amefanya nini?"

Aliwatazama wenzake. "Mzee, keti kwanza."

Sikuketi. Wakaingia watu wengine, na wengine tena, wakiwa na viti vya kukunja kutoka kanisani, hadi mabuti yakajaa kwenye ukumbi na theluji yake ikayeyuka ikawa dimbwi. Mtu akaanzisha wimbo. Nilipaza sauti nikasema Alvin yu hai, yuko hotelini, nikamwona Kerubo akimnong'oneza jirani yake kwamba mshtuko humfanya mtu aseme hivyo.

Kisha akanionyesha simu yake. Ilikuwa karatasi yangu. Mmoja wa wale waliokodiwa aliipiga picha akaituma kwa rafiki yake kama mzaha, rafiki akaituma katika kundi la kanisa bila mzaha, na kufikia usiku ilikuwa imefika Kenya.

"Hii ni karatasi ya mchezo," nikasema. "Ni uongo."

"Mwalimu, tuliuliza hilo," Kerubo akasema. "Tukaisoma vizuri. Karatasi ya uongo ingekuwa na makosa. Tukasema hapa Mwalimu Jotham Wanjala ameandika mwenyewe."

Wakati huo Alvin alikuwa New Hope, simu yake imefungiwa kabatini kama waigizaji wanavyotakiwa kufanya. Mmoja wa waombolezaji aliendesha gari kwenda kumwona kwa macho yake. Alipopiga simu kuthibitisha, wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Hakuna aliyejua la kufanya na chai. Tukainywa.

Nikampigia dada yangu. Kwao ilikuwa jioni. Aliyepokea ni Nkatha, jirani yake aliyeolewa pale kutoka Meru, na nyuma yake nilisikia kilio cha watu wengi, kile cha kwetu, ambacho sijakisikia tangu nihamie huku. Nilimwambia mara tatu kwamba Alvin yu hai. Alikwenda. Kilio kilipungua, kikasimama. Nilingoja Jedidah aje kwenye simu. Hakuja.

Jumapili, 9 Februari

Jedidah amezungumza nami.

"Nilimlilia tangu alfajiri," alisema. "Nilitoka uani nikamwita kwa jina lake kama marehemu anavyoitwa. Wamekuja watu kutoka ng'ambo ya mito miwili. Na wewe unaniambia nipokee simu nimsalimie?"

"Yu hai, Jedidah. Yuko hapa, anakula ugali."

"Aliyelilia mtoto hazungumzi naye mpaka huyo mtoto atakaswe. Wewe unajua. Sauti yake nisiisikie. Na asipite mlango walioingilia waombolezaji."

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Wewe ni mjomba wake," alisema. "Kwetu kazi hiyo ni ya mjomba. Tena wewe ndiwe uliyemwandika."

Akakata.

Mwaka 1986 shemeji yake Jedidah, aliyekuwa ameombolezwa na kuliliwa kwa kupotea Uganda, alirudi akitembea kwa miguu. Mume wa Jedidah, kwa kuwa wajomba wao walikuwa wamekufa, alimchinjia kondoo ndugu yake, akampaka majani yaliyosagika tumboni mwa kondoo huyo, akamwingiza nyumbani kwa nyuma. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasoma jina la mume wa dada yangu miongoni mwa waliotengwa na meza ya Bwana. Nililisoma kwa sauti iliyo wazi. Alikufa miaka minne baadaye akiwa bado ametengwa, akazikwa bila mchungaji. Jedidah hajawahi kunitajia jambo hilo. Hata leo hakulitaja.

Jumatano, 12 Februari

Alvin amempigia mama yake mara tano. Hakupokewa.

Ijumaa, 14 Februari

Alvin alikuja akaegesha gari mbele ya nyumba, akapiga honi. Nilitoka nikaingia garini. Tulikaa injini ikiunguruma, vioo vimeganda.

"Ingia ndani," nikasema. "Haya ni mambo ya ushirikina."

"Mimi si mtu wa mila, Mjomba."

"Basi ingia."

"Amesema nisiingie." Aliwasha vipangusio vya kioo, akavizima. "Kuna kitu sijakwambia. Unajua maiti inaigizwaje?"

Nilimwambia sijui.

"Unatoa pumzi kabla hawajaanza, halafu unatafuta kitu cha kukutuliza. Kila mtu ana chake. Mimi nilikuwa namsikia Mama akiniita kutoka jikoni, na mimi niko nje, siitiki. Nimelala tu, najua ataita tena. Mara kumi na moja nimefanya hivyo."

"Na sasa?"

"Tumefanya mazoezi ya jeneza jana. Nikitulia namsikia analia. Kope zinacheza. Mwongozaji amenirudisha mara tisa, ameanza kuniangalia vibaya."

Jeneza ndiyo picha yao ya mwisho, na imepangwa ipigwe Alhamisi, tarehe 20 Machi. Wakiona hawezi watabadilisha mwisho na kumpunguza, na hii ndiyo nafasi yake ya kwanza kubwa katika nchi hii.

Nilirudi ndani nikazunguka chumbani hadi Lynette akaniuliza kama goti limeanza tena.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani watu wananisalimia kwa uangalifu. Alvin alikula ndani ya gari. Lynette alimpelekea sahani iliyofunikwa, akarudi na machozi yameganda.

Alhamisi, 20 Februari

Nkatha amepiga simu. Jedidah ameanguka jikoni. Shinikizo la damu. Yuko hospitalini, mkono wa kushoto hauna nguvu, mdomo umeenda upande kidogo. Anazungumza, lakini polepole. Nilimsihi Nkatha amwekee simu sikioni ili Alvin aseme neno moja tu.

Nilimsikia dada yangu, sauti kama ya mtu mwenye chakula mdomoni: "Hapana."

Ijumaa, 21 Februari

Alvin anataka kupanda ndege. Mkataba unamruhusu kwa msiba tu. Kwa mgonjwa hapana.

"Msiba walikuwa nao," alisema, "wakaupiga picha."

Jumatano, 26 Februari

Jua kali lisilo na joto lolote. Nimeondoa theluji njiani mara mbili, ingawa haikunyesha.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya ibada nilimwona mchungaji. Ni kijana wa miaka thelathini na sita, na ananiheshimu mno. Nilimuuliza kama tendo linaweza kuwa la kumtuliza mgonjwa tu, bila imani ndani yake.

"Mzee, ni wewe ulitufundisha katika darasa la wazee kwamba tendo ni imani," alisema. "Ulituletea hata mfano wa mtu aliyetengwa kanisani."

"Nilitaja jina lake?"

"Hapana. Ulisema mtu mmoja."

Akaniambia kwa upole kwamba nikifanya, ataulizwa, na atalazimika kujibu. Nilimshukuru. Lynette alikuwa ananingoja garini, na njiani kurudi alisema, "Dad, unataka nini haswa?" Yeye ana wagonjwa kumi na wawili kila zamu na hulijua jina la kila mmoja. Nimekuwa nikisahihisha maneno yake kwa miaka minane katika nyumba yake mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Jedidah amerudishwa nyumbani. Anakula uji. Amemuuliza Nkatha kama nimepiga simu. Alipoambiwa ndiyo, akauliza, "Amesema atafanya?" Alipoambiwa sijasema, akageukia ukutani.

Jumatatu, 10 Machi

Barafu inayeyuka. Barabara zimejaa mashimo na maji machafu. Nimeandika barua kwa baraza la kanisa nikijiuzulu uzee. Mistari mitano. Nimeiweka katika Biblia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeituma.

Jumamosi, 15 Machi

Kuna shamba kusini mwa mji ambako watu wa mataifa yote huenda kununua mbuzi na kondoo na kuchinja wenyewe. Nilikwenda na Alvin, Lynette akiendesha gari. Mwenye shamba alituuliza kama ni arusi. Alvin akamjibu ni kinyume chake.

Sikuwa nimechinja tangu ujana. Nilikishika kisu upesi mno, na Alvin aliyeishikilia miguu ya kondoo alisema taratibu, kwa Kiswahili safi kabisa, "Mjomba, usiharakishe." Alijifunza kuwashika kwa ile filamu yake. Nilichukua nilichotakiwa kuchukua nikakitia katika ndoo yenye kifuniko.

Nyumba ya Lynette haina mlango wa nyuma. Ina madirisha ya chumba cha chini, yale yenye shimo la bati nje, ambayo sheria ya hapa inataka yawepo ili mtu atoke moto ukizuka. Hakuna sheria inayosema lolote kuhusu kuingia. Alvin alisimama uani kwenye theluji iliyooza, miguu mitupu, amekunja suruali. Nilimpaka kifuani, mikononi, na juu ya nyayo. Nilisema maneno ambayo mume wa Jedidah aliyasema, kwa lugha ya kwetu. Nilishangaa kuwa nayakumbuka yote. Nilipokuwa nikikusanya ushahidi dhidi yake ndipo nilipoyakariri.

Kisha akaingia shimoni na kupita dirishani, mabega kwanza, yakakwama. Lynette alikuwa ndani akipiga picha ya video kwa simu. "Lala na upande," akamwambia. "Upande mwingine. Alvin, tumbo." Nilisukuma kwa nje. Akaanguka ndani akachubuka goti kwenye fremu ya bati, akakaa sakafuni.

Tulikuwa tumekubaliana mapema. Jedidah amekataa sauti yake; hakukataa sura yake. Lynette akaondoa sauti yote, na Alvin akatazama simu dakika nzima bila kusema neno. Hakutabasamu. Hakulia pia. Niliingia kwa mlango, nikasimama kwenye ngazi nikimtazama, nikajaribu kuona kama huyu ni mwigizaji au mtoto wa dada yangu. Nilitazama macho yake kwa sababu macho ndiyo yanayomsaliti. Hayakuwa yakingoja zamu.

Lakini ni kazi yake kunifanya nione hivyo. Sijui. Nimeandika hivi saa tatu baadaye na bado sijui.

Tulimtumia Nkatha.

Jumapili, 16 Machi

Sikukaa kiti cha wazee. Nilikaa nyuma karibu na mlango, ambako upepo unaingia. Kerubo alikuja akakaa kando yangu, akanipa nusu ya kitabu chake cha nyimbo, ingawa nilikuwa na changu.

Alvin alikula mezani.

Jumatatu, 17 Machi

Nkatha anasema Jedidah ameitazama. Aliomba miwani, akaitazama tena. Akaomba aachiwe simu. Hajasema lolote.

Alvin amemwambia mwongozaji kwamba hatalala katika jeneza mpaka mama yake ajibu. Mwongozaji amempa hadi Alhamisi asubuhi. Baada ya hapo wataandika mwisho mwingine usio na yeye.

Jumanne, 18 Machi

Simu ya Nkatha imekuja tukiwa tunakunywa chai. Alvin alisimama. Nikaiweka mezani ili wote tusikie.

"Mama ana swali," Nkatha akasema. "Anasema ameona damu kwenye goti. Anauliza kama mmeisafisha."

Alvin alifungua mdomo, akaufunga kwa mkono. Nikajibu mimi: "Mwambie imesafishwa. Lynette ameweka dawa."

Tulisikia Nkatha akirudia maneno hayo, kisha kuku mmoja, kisha sauti ya dada yangu kutoka mbali, polepole, akisema atafikiri.

"Dad, hiyo ni jibu," Lynette alisema simu ilipokatika. "Maiti hawawekewi plasta."

Nilimwambia bado si jibu. Kuhusu lugha yake sikusema kitu. Alvin ameketi dirishani, mara ya kwanza tangu aje bila kuinuka, simu imelala kwenye goti lililofungwa bandeji. Jedidah ana siku moja na nusu, kama anazihesabu. Sitaandika makisio yangu. Atakapoamua, lolote litakalokuwa, nitaliandika hapa.